Namna ya Kuusoma Mchoro wa Baroko Ukianzia Kaburini: Mwongozo Kamili

Ukisimama mbele ya mchoro wa kidini uliochorwa Roma kati ya miaka ya 1580 na 1680, mara nyingi utamkuta mtakatifu amelala chini, ana jeraha shingoni, wachimba kaburi wako kazini, na jiwe la kaburi limesogezwa mbele kabisa, karibu na magoti ya anayesali. Wengi husema wachoraji wa Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa miaka hiyo, walipenda damu na maigizo, wakapita. Mimi naona wanapitwa na jambo kubwa. Wachoraji wale waliishi katika mji ambao chini ya mashamba yake ya mizabibu makaburi ya Wakristo wa kwanza yalikuwa yamefunuka upya, na mapadre, makardinali na wasomi walikuwa wakishuka humo na mishumaa mikononi. Waliyoyaona chini yalibadilisha yaliyochorwa juu.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa sanaa, mseminari, mwalimu wa dini, mwanakwaya anayetaka kumjua msimamizi wa kwaya yake, na yeyote anayejiandaa kwenda Italia. Unahitaji simu au kompyuta ya kukuzia picha, daftari, na kalenda ya watakatifu. Ukishindwa kukumbuka mengine yote, kumbuka hili: makatakombe, yaani makaburi hayo ya chini ya ardhi, hayakuwapa wachoraji wa Baroko picha za kunakili. Yaliwapa mwili, na mahali mwili ulipolala.

Hatua ya 1: Lijue kaburi kabla ya kuugusa mchoro

Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji. Kwa hiyo wafu walizikwa kando ya barabara zilizotoka nje: Via Appia, Via Salaria, Via Nomentana, Via Ardeatina. Ardhi ya huko ni jiwe la tufo, jiwe la volkano ambalo ni laini kulichonga na hukauka likawa gumu likipata hewa. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 2, jumuiya za Kikristo zilichimba njia nyembamba chini ya ardhi, nyingi zenye upana wa mita moja hivi, na pembeni wakachonga mashubaka ya kulaza maiti, moja juu ya jingine kama rafu za duka. Kila shubaka lilizibwa kwa matofali au kipande cha marumaru. Familia zenye uwezo zilichimbiwa vyumba, na makaburi yenye tao juu yake. Katakombe la Mtakatifu Kalisto peke yake lina njia za karibu kilomita 20, ghorofa chini ya ghorofa.

Ondoa kichwani dhana kwamba Wakristo waliishi humo wakijificha. Yalikuwa makaburi. Watu walikwenda kuzika, kusali na kuwakumbuka wafu wao.

Sasa tazama michoro ya ukutani ya humo. Utamwona Yona akitapikwa na samaki, Danieli kati ya simba, Nuhu katika safina iliyochorwa kama kisanduku, Lazaro akitoka kaburini, vijana watatu katika tanuru, Mchungaji Mwema na kondoo mabegani, na mtu aliyesimama ameinua mikono yote miwili kusali. Ni michoro myepesi, ya mistari michache, na karibu yote inasema Mungu huokoa. Huoni damu, wala mnyongaji na upanga wake. Wakristo wa kwanza walizika wafiadini wao bila kuchora mateso yao. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, watu walioshuka kuwatafuta wafiadini hao walipanda juu wakachora mateso kila ukuta. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo. Asiyeijua atatafuta Yona wa katakombe ndani ya michoro ya Caravaggio, mchoraji mashuhuri wa Baroko, na hatampata.

Jambo jingine la kushika mapema: katika karne ya 8 na ya 9 mapapa waliihamisha miili mingi ya wafiadini kutoka nje ya mji na kuiweka chini ya altare za makanisa ya ndani. Makatakombe yakasahaulika, isipokuwa machache kama lile la Mtakatifu Sebastiani kwenye Via Appia ambalo mahujaji hawakuliacha kabisa. Kwa hiyo mtakatifu mmoja wa Roma anaweza kuwa na mahali pawili: kaburi la asili shambani, na altare mjini. Utapahitaji pote pawili.

Hatua ya 2: Panga miaka

Andika miaka hii kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa sababu bila miaka utachanganya chanzo na matokeo.

Mwezi Desemba 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kikao chake cha mwisho, ulitetea heshima kwa masalia ya watakatifu na matumizi ya picha takatifu. Waprotestanti walikuwa wakisema mambo hayo ni nyongeza za baadaye, Kanisa la mwanzo halikuyajua. Wakatoliki walihitaji jibu, na jibu zuri kuliko maneno lingekuwa kitu cha kuonyeshwa kwa kidole.

Tarehe 31 Mei 1578 kikapatikana. Vibarua waliokuwa wakichimba pozolana, mchanga wa volkano unaochanganywa na chokaa kwa ujenzi, katika shamba la mizabibu kando ya Via Salaria, walitokea kwenye makaburi ya chini ya ardhi yenye michoro na maandishi. Mji mzima ulikimbilia huko. Miongoni mwao alikuwa Cesare Baronio, padre wa shirika la Oratorio, aliyeandika jinsi Roma ilivyostaajabu kugundua kwamba ina miji mingine iliyofichika chini yake. Baronio alikuwa mfuasi wa Filippo Neri, yule padre mpendwa wa Roma ambaye tangu ujana wake alikuwa akienda kusali usiku katika katakombe la Mtakatifu Sebastiani. Kuanzia 1588 Baronio alitoa historia kubwa ya Kanisa, juzuu 12. Mwaka 1596 akawa kardinali, akapewa kanisa la Watakatifu Nereo na Akileo, wafiadini waliokuwa wamezikwa katakombeni, akalipamba kwa michoro ya vifo vya mashahidi.

Desemba 1593 kijana mmoja mzaliwa wa Malta, Antonio Bosio, alishuka katika katakombe la Domitila na wenzake. Wakapotea njia huku mishumaa ikikaribia kuisha. Angeweza kuacha, lakini aliitoa karibu miaka yake yote iliyobaki kwa kazi hiyo, akigundua katakombe baada ya katakombe na kuajiri wachoraji wanakili kuta. Jina lake aliloliandika ukutani kwa makaa bado lipo. Alifariki 1629, na kitabu chake kikubwa, Roma Sotterranea, kikatoka baada ya kifo chake. Ukurasa wa jina una mwaka 1632, lakini kilimalizika kuchapwa 1634. Humo michoro ya makatakombe ilichapwa kwa mabamba ya shaba, na mtu wa Paris au Naples akaweza kuyaona makaburi bila kushuka.

Hatua ya 3: Anza na mwili (mfano: Mtakatifu Sesilia)

Ni rahisi kuanza na Sesilia kwa msomaji wa Kiswahili, maana kwaya zenye jina lake hazihesabiki Tanzania na Kenya, na sikukuu yake ya tarehe 22 Novemba inajulikana. Lakini Roma ya mwaka 1600 haikumjua kwanza kama msimamizi wa waimbaji. Ilimjua kama mwili.

Mapokeo yanasema alipigwa upanga shingoni mara tatu bila kichwa kukatika, akaishi siku tatu. Alizikwa katika katakombe la Kalisto, na katika karne ya 9 Papa Paskali I akauhamishia mwili wake kanisani Trastevere, mtaa wa Roma. Tarehe 20 Oktoba 1599 Kardinali Paolo Emilio Sfondrati, aliyekuwa akilikarabati kanisa hilo, alifungua jeneza la marumaru chini ya altare. Ndani mlikuwa na sanduku la mvinje, na ndani ya sanduku mwili umelala, umefunikwa kwa vazi lenye nyuzi za dhahabu na kitambaa. Kwa heshima hakuna aliyeufunua. Watu walimiminika Trastevere wiki nzima na zaidi, na tarehe 22 Novemba Papa Klementi VIII mwenyewe aliongoza ibada ya kuurudisha kaburini.

Mchongaji Stefano Maderno aliitengeneza sanamu mwaka uliofuata. Ikuze picha yake uitazame polepole. Binti amelala kwa ubavu, uso umegeukia chini na kufunikwa, mikono imetupwa mbele, shingoni kuna mkato mwembamba. Sanamu imewekwa ndani ya shubaka la marumaru nyeusi chini ya altare, mithili ya kaburi lililofunguliwa dakika hii. Kibao kilicho mbele yake kinasema kwamba Maderno aliuona mwili huo na kuuchonga katika mlalo uleule.

Huo ndio mwanzo wa mambo. Kabla ya hapo mtakatifu katika sanaa mara nyingi alisimama, ameshika chombo cha kumtambulisha. Sasa analala, kama alivyokutwa. Sfondrati alimpa kazi Guido Reni, kijana aliyetoka Bologna, achore kifo cha Sesilia kwa ajili ya kanisa hilohilo. Kati ya 1612 na 1615 mchoraji Domenichino akachora maisha yake kwenye kuta za kikanisa kidogo ndani ya San Luigi dei Francesi. Katika tukio la kifo chake, watazame wanawake walio sakafuni. Wanafyonza damu kwa sponji na kuikamua chomboni. Picha hiyo haikuja kwa bahati tu: vichupa vilivyokutwa vimegandishwa kwenye chokaa ya makaburi ya katakombe viliaminika kuwa vya damu ya wafiadini, na mwaka 1668 idara ya masalia huko Roma ilitangaza kwamba tawi la mtende pamoja na chombo chenye rangi ya damu ni alama za kumtambua mfiadini.

Kwa hiyo, swali lako la kwanza mbele ya mchoro wowote liwe: mwili huu ulikutwa lini, na nani, na ulikutwa umelalaje? Kama tarehe ya kukutwa inatangulia tarehe ya mchoro kwa miaka michache, uko njia sahihi. Mtakatifu Bibiana alikutwa 1624, na papo hapo mchongaji Bernini akamchonga na mchoraji Pietro da Cortona akachora kuta za kanisa lake. Huyo Cortona kisa chake kinanigusa kuliko vingine: mwaka 1634, akiwa kiongozi wa chuo cha wachoraji cha Mtakatifu Luka, alikuwa akichimba chini ya kanisa la chuo ajitengenezee kaburi lake mwenyewe, akakuta mwili ulioaminika kuwa wa Mtakatifu Martina. Aliacha mpango wa kaburi dogo akajenga kanisa zima.

Hatua ya 4: Tafuta mahali (mfano: Lusia wa Sirakusa)

Hatua hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na nakuomba uipe muda.

Mwezi Oktoba 1608 Caravaggio alitoroka gerezani Malta akavuka bahari mpaka Sirakusa, mji uleule ambao Paulo alikaa siku tatu akielekea Roma (Mdo 28:12). Alikuwa mtu anayewindwa. Huko alipewa kazi ya kuchora mazishi ya Lusia, bikira mfiadini wa mji huo, aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 4. Mchoro uliwekwa juu ya altare ya kanisa la Santa Lucia al Sepolcro, lililojengwa mahali ambapo mapokeo yanasema Lusia alizikwa. Chini ya eneo hilo kuna makatakombe makubwa. Na mwili haupo: ulichukuliwa katika karne ya 11 ukapelekwa Konstantinopoli, baadaye Venisi.

Tafuta picha ya mchoro huo, Mazishi ya Mtakatifu Lusia. Fuata mpangilio huu wa kutazama.

Kwanza acha watu wote, tazama ukuta. Zaidi ya nusu ya turubai, lenye kimo cha mita nne hivi, ni ukuta mtupu wa rangi ya udongo, una tao lililofifia. Mchoraji wa kawaida angeweka malaika hapo, au mbingu iliyofunguka. Caravaggio ameweka mwamba. Sirakusa ni mji wa machimbo ya mawe na makaburi ya chini, na tunajua Caravaggio aliyatembelea machimbo hayo akiwa na Vincenzo Mirabella, mtaalamu wa mambo ya kale wa mji. Mirabella aliandika katika kitabu chake cha 1613 kwamba Caravaggio ndiye aliyelifananisha pango moja na sikio la binadamu, na mpaka leo pango hilo linaitwa Sikio la Dionisio.

Kisha shuka kwa macho mpaka wachimbaji wawili. Ni majitu, wako mbele kabisa, mmoja ametugeuzia mgongo. Askofu anayebariki ni mdogo kuliko wao, amebanwa nyuma upande wa kulia. Katika makatakombe ya kale wachimba kaburi walikuwa watu wa heshima katika jumuiya, na wengine walichorwa ukutani wakiwa na sururu na taa zao. Siwezi kuapa kwamba Caravaggio alijua hilo. Lakini amewapa heshima ileile.

Halafu mtazame Lusia. Kwa kawaida huchorwa amebeba macho yake kwenye sahani, ishara iliyozoeleka. Hapa hana sahani wala taji la dhahabu. Ni maiti ya msichana juu ya ardhi tupu, kichwa kimeanguka nyuma, mkono mmoja umeachwa wazi. Wachimbaji wanachimba pale pale ambapo mwamini wa Sirakusa amesimama. Wenyeji waliokuwa wamenyang'anywa mwili wa mtakatifu wao walirudishiwa mazishi yake, juu ya kaburi lake tupu.

Ukitaka mfano mwingine wa mahali kutawala mchoro, tafuta wa Ludovico Carracci wa 1612, ambao sasa uko Jumba la Getty, Los Angeles. Mtakatifu Sebastiani anatupwa katika mfereji mkuu wa majitaka wa Roma. Wachoraji mia walimchora akiwa amefungwa na kuchomwa mishale. Kwa nini huyu achore mfereji? Kwa sababu aliyeagiza, Kardinali Maffeo Barberini, baadaye Papa Urbano VIII, aliutaka kwa ajili ya mahali pa chini ya kanisa la Sant'Andrea della Valle, panapohusishwa na kuokotwa kwa mwili huo kabla haujapelekwa katakombeni.

Swali la pili, basi: altare ya mchoro huu ilijengwa juu ya nini?

Hatua ya 5: Rudisha mchoro kwenye altare yake

Michoro mingi ya aina hii leo iko kwenye majumba ya makumbusho, na hapo nusu ya maana yake imepotea. Usikubali kuitazama ukutani tu. Irudishe kwa mawazo mahali ilipotoka.

Fanya mazoezi kwa Mazishi ya Kristo ya Caravaggio, yaliyochorwa kati ya 1602 na 1604 kwa ajili ya Chiesa Nuova, kanisa la Waoratorio wa Filippo Neri. Sasa yako katika jumba la picha la Vatikani. Kona ya bamba la jiwe imeelekezwa kwako kama inataka kutoka kwenye turubai, na mwili wa Kristo unateremshwa kuelekea chini. Ukiuweka mchoro juu ya altare, padre akiinua hostia, mwili unaoteremshwa na Mwili unaoinuliwa viko kwenye mstari mmoja. Nyuma kabisa kuna mwanamke aliyeinua mikono yote miwili. Anaomboleza, na bado wengi tunaomjua yule msalaji wa katakombe hatuwezi kumtazama bila kumkumbuka. Andika hilo kwenye daftari lako kama uwezekano, usiliandike kama uthibitisho.

Kisha nenda kwa mchoraji Guercino. Kati ya 1621 na 1623 alichora Mazishi ya Mtakatifu Petronila kwa Basilika la Mtakatifu Petro, turubai la kimo cha mita 7.2. Petronila alikuwa amezikwa katika katakombe la Domitila, na katika karne ya 8 mwili wake ulihamishiwa kwenye Basilika la Petro. Juu ya mchoro anapokelewa na Kristo mbinguni, amevaa nguo za thamani. Chini anashushwa kaburini, kichwa kina shada la maua. Shimo la kaburi limekatwa na ukingo wa mchoro wenyewe, na kutoka shimoni imejitokeza mikono ya mtu tusiyemwona, ikipokea mwili. Ukiwa katika jumba la Capitolini, ambako mchoro uko sasa, mikono ile inashangaza tu. Ukiurudisha juu ya altare unaelewa: mtu yule amesimama mahali altare ilipo, na ndani ya altare ndimo yalimo masalia ya Petronila. Mchoro unakamilishwa na mwili halisi ulio chini yake. Nakala ya mozaiki ndiyo iliyobaki Basilikani, na hapo ndipo pa kuhakikisha jambo hili kwa macho yako.

Hatua ya 6: Watambue waliosoma kitabu

Si wachoraji wote walioguswa na mwili. Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeishi Roma, aliguswa na elimu. Rafiki na mteja wake Cassiano dal Pozzo alikusanya maelfu ya michoro ya vitu vya kale, vya kipagani na vya Kikristo. Poussin alimchorea Sakramenti Saba, kisha kati ya 1644 na 1648 akazichora upya, kwa namna nyingine, kwa ajili ya Paul Fréart de Chantelou wa Paris. Seti hii ya pili iko Edinburgh.

Humo hutafuti damu. Unatafuta ushahidi. Katika Ekaristi na Kitubio watu wamejilaza kando ya meza, namna Warumi walivyokula. Katika Mpako wa Wagonjwa, ukutani imetundikwa ngao yenye herufi za Kigiriki khi na ro, alama ya Kristo inayoonekana tena na tena kwenye mawe ya makatakombe. Katika Kipaimara, nyuma ya watu waliokusanyika kuna majeneza ya mawe, na ibada inafanyika mahali pa kiza panapofanana na makaburi. Poussin alitaka kuonyesha sakramenti zilivyoadhimishwa na Kanisa lililokuwa bado karibu na wafu wake, na kitabu cha Bosio kilikuwa mikononi mwa watu wa duara lake.

Hatua ya 7: Jiulize kama mchoraji aliweza kukiona

Hapa ndipo waandishi wengi huteleza, hata wa vitabu vya watalii. Mengi tunayoonyeshwa leo katakombeni hayakuwa yamegunduliwa enzi ya Baroko. Chumba cha mapapa na kaburi la asili la Sesilia huko Kalisto vilitambuliwa na mwanaakiolojia Giovanni Battista de Rossi katika karne ya 19. Basilika la chini la Domitila, lenye mchoro wa ukutani unaomwonyesha Petronila akimpokea mwanamke aitwaye Veneranda, lilifukuliwa katika miaka ya 1870. Guercino hakuuona. Katakombe la Via Latina lenye rangi za ajabu lilipatikana 1955.

Pia hata waliochungulia hawakuona sawasawa. Katika nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya msomi Alfonso Chacón, Nuhu aliyesimama ndani ya kisanduku chake aligeuka papa anayehubiri kutoka mimbarini. Nakala potofu nayo ni chanzo, na inaweza kumfikia mchoraji.

Na usidanganywe na giza. Caravaggio alichora giza pia kwa watoza ushuru. Giza peke yake halithibitishi katakombe. Tafuta mwamba, tao, shubaka, jiwe la kaburi, mchimbaji, chombo cha damu, au habari ya kuagizwa kwa mchoro. Ukipata viwili na miaka ikakubaliana, andika. Ukipata kimoja, weka alama ya kuuliza.

Kinyume chake pia ni kweli. Kuta za Santo Stefano Rotondo, alizochora Niccolò Circignani mnamo 1582 kwa ajili ya chuo cha Wajesuiti, zina wafiadini waliokatwa, kuchemshwa na kupondwa, kila tukio limewekewa herufi na maelezo chini yake. Hakuna pango hapo. Hata hivyo zimezaliwa na joto lilelile la kuwatafuta mashahidi, miaka minne tu baada ya Via Salaria.

Hatua ya 8: Fanya mwenyewe

Chagua mtakatifu wa Roma aliye msimamizi wa kwaya, jumuiya au parokia yako. Chora jedwali lenye safu hizi: jina na sikukuu, barabara na katakombe alimozikwa, mwaka alipohamishwa, mwaka alipokutwa tena, mchoro na mwaka wake, altare ya asili, ulipo sasa. Jaza kwa penseli.

Kitabu cha Bosio kimewekwa mtandaoni na maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, bure. Ni cha Kiitaliano, lakini picha hazihitaji mkalimani. Fungua mabamba yake na picha ya mchoro wako kwa pamoja, dirisha moja kando ya jingine.

Ukibahatika kufika Roma, panga siku kwa mfuatano wa mwili wenyewe: asubuhi katakombeni (Kalisto kwa Sesilia, Domitila kwa Petronila), mchana kwenye kanisa ulikohamishiwa, jioni kwenye mchoro. Katakombeni utaingia na kiongozi tu, na kupiga picha hairuhusiwi. Chini kuna baridi ya nyuzi 15 hivi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo beba sweta na viatu visivyoteleza. Mwenye hofu ya mahali finyu aseme mapema. Kila katakombe lina siku yake ya kufungwa, uliza kabla hujatoka. Kwa anayekwenda Sirakusa, mchoro wa Lusia umehamishwahamishwa kati ya makanisa na makumbusho miaka ya karibuni, hakikisha ulipo kabla ya kununua tiketi.

Kama hujui uanze na nani, anza na Agnesi. Sikukuu tarehe 21 Januari, Via Nomentana, mwili ulikutwa 1605, katika kazi za Kardinali Sfondrati yuleyule wa Sesilia. Domenichino alichora kifo chake kwa kanisa la watawa wa Bologna, na mchoro bado uko Bologna katika jumba la picha la taifa. Safu kadhaa umeshapata. Sasa kuza picha, tazama anavyouawa na kilicho juu yake, na ujiulize kwa nini mchoro wa Bologna una mbingu kubwa namna ile, wakati ule wa Sirakusa una ukuta.